Kanga ya Onyesho la Tatu

Leo nimempa mwenzangu maoni juu ya tamthilia aliyoitunga, na tangu nirudi bwenini bado naiwaza.

Mambo yanatokea Pangani. Baba amefariki, wanawe watatu wanagombania shamba la minazi, mama yupo tu. Mpaka onyesho la tatu. Hapo mama anafungua sanduku, anatoa doti ya kanga ambayo haijakatwa, anaikata katikati mbele yao. Kipande kimoja anamfunika nacho binti yake mabegani, cha pili anajitanda mwenyewe. Jina la kanga: Mwenye macho haambiwi tazama. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini kwanza. Kisha nikageuza ukurasa, nikamkuta mama akieleza, ukurasa mzima na nusu, maana ya alichokifanya.

Kasoro niliiona. Kuisema ndiko kulikonipa kazi. Mwaka jana niliambiwa mbele ya darasa kwamba mchezo wangu "haujakaa sawa", basi, bila kuoneshwa ni wapi, na miezi minne sikuandika kitu. Sitaki kumfanyia mtu hivyo.

Nikafuata utaratibu wa Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani aliyeuanzisha mwaka 1990. Unaanza na kilichokugusa, mwandishi anauliza ya kwake, nawe unamuuliza maswali yasiyobeba hukumu. Maoni yako yanakuja mwisho, tena kwa ruhusa yake. Hayo maswali ndiyo magumu. "Kwa nini hotuba ya mama ni ndefu hivi?" ni lawama iliyowekewa alama ya kuuliza tu. Nililifuta daftarini. Nilichomuuliza hatimaye ni hiki: "Mama anapoanza kusema, ulitaka sisi tuliokaa tujue nini ambacho bado hatujakijua?"

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Bibi yangu alipofiwa, hakuna aliyemuuliza neno. Nilitaka huyu aseme."

Hilo sikulitarajia. Nilikwenda nimeshaamua kwamba maneno yale yakatwe, kumbe ndiyo yaliyomfanya ashike kalamu. Ningetanguliza hukumu yangu, huenda angeyafuta kwa kunistahi tu, na tamthilia ikabaki bila roho yake. Nikamwomba ruhusa, akanipa. Nikamwambia: mama aseme, tena aseme yote, lakini kanga ikishatoka sandukuni asiongeze neno. Watu wa pwani kanga wanaisoma tangu wakiwa wamebebwa mgongoni.

Akachukua penseli, akaizungushia hotuba, akachora mshale kurudi nyuma kurasa mbili, kwenye ugomvi, kabla sanduku halijafunguliwa: mama anasema, na wanawe wanapigiana kelele juu ya sauti yake, hakuna anayemsikiliza. Mwili ulinisisimka. Mimi nisingeliwaza hilo hata ningepewa mwezi mzima.

Alhamisi tunalisoma onyesho hilo kwa sauti. Ameniomba nisome sehemu ya mama.