Kumbukumbu ya mradi: picha 41,300 na kamera iliyotiwa majira ya Kiswahili

Chake Chake, Pemba. Diski mbili, kadi nane na simu tatu zimeshanakiliwa kwenye diski moja ya nje: picha 41,300, GB 186. Diski na kadi za mwanzo hazijafutwa kitu.

Rudufu zilitafutwa kabla ya jambo jengine lolote. Hesabu ya SHA-256, yaani alama ya tarakimu inayotolewa kwa kila faili, hulinganisha faili zima, kwa hiyo ukishasahihisha tarehe ndani ya picha moja, pacha wake hatambuliki tena. Zimetoka 9,412. Picha za WhatsApp hazikunaswa, maana hupunguzwa ukubwa na kuvuliwa tarehe ya kupigwa. Jina kama IMG-20190714-WA0003 ni siku ya kutumwa au kupokewa, basi. Zimewekwa folda yao.

Kazi hasa ni saa. Kamera moja ya zamani imeandika 01:40 kwenye picha za watu wanaotoka sala ya Idi, jua limeshapanda. Aliyeitia majira alihesabu Kiswahili: saa moja asubuhi ikawa 01. Dawa yake ni ExifTool, programu ya kusahihisha taarifa zilizo ndani ya picha (6 ni saa za kuongeza, kamera1 ni folda):

exiftool "-AllDates+=6" kamera1

Tenga kwanza picha kwa modeli ya kamera. Simu huchukua saa kwenye mtandao, ukizichanganya utaziharibu. Amri iendeshwe mara moja tu, ya pili inaongeza sita nyengine. Angalia na nafasi pia: ExifTool huacha nakala ya kila faili yenye _original, na hapa GB 40 zilikuwa 80. Kamera iliyotiwa majira usiku, saa mbili ikaandikwa 02 badala ya 20, hiyo inataka 18. Harusi ndizo zilizokuwa zimevurugika zaidi: kwa kamera1, picha ya saa saba usiku ilisomeka 19:00 ya siku iliyotangulia.

Baada ya hapo majina:

exiftool "-FileName<DateTimeOriginal" -d %Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e kamera1

Hiyo %%-c hutia namba picha mbili zikigongana sekunde moja. Ndani ya faili la .bat (faili la amri za Windows) kila % iandikwe mara mbili.

Folda zinaanza na mwaka na mwezi. "Idi Kubwa 2006" haitoshi, kwani mwaka ule iliangukia Januari na tena Desemba. Folda ya zamani ilikuwa na nguo za sikukuu mbili.

Kumebaki kutia majina sura za watu, kwa digiKam, programu ya kupanga picha, baada ya kuwasha kwenye mipangilio majina yaandikwe ndani ya faili na si kwenye hifadhidata yake peke yake. Diski ya pili, iliyopangwa kwa mfumo wa exFAT kwa ajili ya video zinazopita GB 4, itakaa Wete.