Siku moja na kabati la jahazi

Saa 11 alfajiri. Nikitoka msikitini huja kwanza ufukweni kutazama maji. Hapa Lamu siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji hutoka asubuhi, na kufikia saa 4 jahazi la nahodha wangu litakuwa limekaa mchangani. Kazi ya leo lazima iishe kabla hayajarudi.

Saa 12 na nusu, karakanani. Napiga randa mbao ya mwisho ya mvule, uso wa juu wa kabati la jiko. Katikati randa inalia krr! Ni jiwe. Mvule una tabia hiyo, hujificha kijiwe cheupe ndani ya nyama ya mti. Nakichimbua kwa patasi, nainoa randa upya. Nusu saa imekwenda. Na unga wake unawasha, kwa hiyo nafunga kitambaa puani.

Saa 4. Kabati limefika kwa mkokoteni, tunalipandisha watatu. Jahazi limelala ubavu, na hapa ndipo fundi wa nyumbani hupotea: akitoa pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, itamdanganya. Chomboni vipimo hutoka kwenye chombo chenyewe, kwa hiyo mimi hupima kutoka sitahani.

Ubavu wa jahazi hauna mstari ulionyooka hata mmoja. Naegemeza plaiwudi nyembamba kwenye mataruma, yaani mbavu za jahazi, nashika penseli pamoja na kijiti cha sentimita 3, natelezesha kijiti taratibu kufuata ubavu, na penseli inauchora mpindo mzima kwenye plaiwudi. Nakata, najaribu, nachonga tena. Mara ya nne plaiwudi inakaa sawa. Ndipo naugusa mvule kwa msumeno.

Nyuma naacha nafasi ya vidole viwili, upepo upite. Mbao isiyopumua chomboni huoza. Skrubu zote ni za shaba. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia misumari ya chuma, kutu ikapasua kazi ya wiki 2, na bado inaniuma.

Saa 8, baada ya wali na samaki, napachika droo. Kila moja ina pengo chini, ni lazima uiinue kidogo ndipo ivutike, la sivyo wimbi la kwanza litamwaga vijiko vyote.

Saa 10 jioni jahazi linaelea. Nahodha anaweka kikombe cha kahawa juu ya kabati. Boti inapita, tunayumba, kikombe kinateleza mpaka kwenye ukingo ulioinuka na kusimama.

"Fundi," ananiambia, "la upande wa pili utaanza lini?"

Kesho, inshallah. Mbao ninazo.