Dakika 106 za mwanaume anayejikaza

Jana usiku nimefanya kitu ambacho sikuwahi kufanya hata siku moja, nimeangalia Casino Royale, muvi ya James Bond, mpaka majina yanapanda, afu bila kusimama hata kwenda kunywa maji nikaweka inayoifuata, Quantum of Solace, hapo hapo. Ile ya kwanza dakika 144, hii ya pili 106, jumla 250. Nimelala usiku wa manane na nimeamka bado naifikiria, ndo maana naandika sasa hivi kabla haijanitoka.

Niseme ukweli, hii muvi nilikuwa siipendi kabisa. Mwaka 2008 ilipotoka tulienda watu wanne, tumeisubiri miaka miwili, maana Casino Royale ilituacha pabaya: Vesper, mwanamke aliyempenda Bond, amekufa majini, Bond kamfuata Mr White mpaka kwake, kampiga risasi ya mguu, kajitaja jina, muziki ukaingia, sisi tukatoka pale tunarukaruka kama watoto. Kwa hiyo ya pili tulitegemea moto. Tulichokutana nacho ni magari yanafukuzana kuanzia sekunde ya kwanza kule Ziwa Garda, Italia, na picha zinakatwakatwa haraka mpaka hujui gari ya steringi ni ipi na ya maadui ni ipi, rafiki yangu akaninong'oneza "nani anamfukuza nani?" na mimi sikuwa na jibu la kumpa. Tukatoka kimya. Toka siku hiyo mtu akiniambia nipange Bond za Daniel Craig, hii naiweka mwisho kabla hajamaliza swali.

Na hatukuwa tunaionea. Waandishi wa Hollywood waligoma Novemba 2007 na mgomo ukaenda mpaka Februari 2008, Paul Haggis, mmoja wa waandishi wa hii muvi, alikabidhi rasimu yake masaa mawili hivi kabla ya mgomo kuanza, na Januari watu wakaanza kushuti hivyo hivyo. Craig mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba yeye na dairekta Marc Forster walikuwa wanaandika vipande wenyewe, na akakiri kwamba yeye siyo mwandishi. Ukijua hilo unaanza kuona mapengo, kuna sehemu watu wanaongea sentensi tatu wakati ilitakiwa waongee ukurasa mzima. Hela iliingiza, karibu dola milioni 590 dunia nzima, lakini mashabiki tulishaamua ni bovu, na miaka minne mbele Skyfall ikaja ikafunika kila kitu, hii ikabaki kama mtoto ambaye hatajwi nyumbani.

Sasa nini kimebadilika. Muvi ni ile ile, nimebadilika mimi. Mwaka 2008 nilikuwa sijawahi kufiwa na mtu wa karibu. Baba alifariki 2016, na mimi ndo mkubwa kwetu, kila aliyenishika mkono aliniambia neno moja, jikaze. Mama mdogo, majirani, watu wa kazini, wote jikaze, jikaze mwanangu, wewe ndo wa kutegemewa sasa. Nikajikaza kweli. Nilikuwa mtu wa mbio, simu, usafiri, karatasi, huyu kafika yule hajafika, na yalipoisha nikarudi kazini siku ya pili tu, watu wakanisifia. Silali lakini nasifiwa.

Kwa hiyo jana nilipofika pale kwenye ndege nikasogea karibu na skrini. Ni usiku, abiria wamelala, Bond kakaa peke yake baa ya kwenye ndege anakunywa. Mathis, mzee rafiki yake anayesafiri naye, anaamka, anakuja kumuuliza unakunywa nini, na Bond anajibu kwamba hajui, anamgeukia muuza baa, muuza baa ndo anaanza kuitaja kinywaji kwa vipimo, jini kiasi hiki, vodka kiasi hiki, na anaongeza kwamba jamaa ameshakunywa sita. Mwaka 2008 kile kipande kilinipita. Lakini ukiwa umetoka kuangalia Casino Royale dakika chache tu zilizopita unajua kile kinywaji ni chake, alikitunga mwenyewe mezani kwenye kamari na akakipa jina la Vesper. Anajua kinaitwaje! Hawezi kulitamka jina. Jamani mtu amekunywa glasi sita za jina la marehemu na hawezi kulisema. Nilirudisha nyuma nikaangalia tena mara mbili.

Na hapo muvi yote ikanifungukia. M, bosi wake, anamuuliza kila mara kama yuko sawa, kama ni kisasi, anasema hapana, yuko kazini. Kila anayetakiwa kuhojiwa anamuua kabla hajaongea. Zile mbio, kule kukatakata picha, ule ufupi (ndo Bond fupi kuliko zote), sasa nauona ni mwendo wa mtu ambaye akisimama atalia. Sidai kwamba Forster alipanga kila kitu, mgomo uliwabana na sehemu nyingine ni haraka tu, lakini ule mwendo wa mfiwa naujua, nimeuishi, na kwenye hii muvi upo.

Kuna ile ya Mathis ambayo ndo ilituudhi kuliko zote. Mathis anapigwa risasi Bolivia, anamwomba Bond abaki naye, Bond anamshika, na yule mzee anakufa akimwambia amsamehe Vesper na ajisamehe na yeye mwenyewe. Afu Bond anambeba, anamtupa kwenye pipa la takataka, anachukua hela kwenye pochi yake. Camille, mwanamke anayeongozana naye, anamuuliza hivi ndo unavyowafanyia rafiki zako, na yeye anajibu tu kwamba Mathis asingejali. Nilichukia sana enzi hizo, nikasema huyu siyo Bond, huyu ni katili. Jana niliangalia mikono badala ya maneno. Ile dakika ya kumshika ni ndefu kuliko dakika yoyote ya hiyo muvi, kamera imetulia, hakuna kukatakata. Afu mtu akaambiwa jisamehe, na ndo neno ambalo hayuko tayari kulisikia, kwa hiyo anasimama haraka anarudi kazini.

Niseme na la maji pia. Tulicheka wakati ule, adui gani anaiba maji, Bond imezoea watu wa kutaka kuiteka dunia. Dominic Greene anajifanya mtu wa mazingira, wote wanadhani anafukuzia mafuta, kumbe kajenga mabwawa chini ya ardhi jangwani na anataka kuiuzia Bolivia maji yake yenyewe kwa bei mara mbili. Kuna kipande kidogo tu, wanakijiji wamekusanyika na vyombo vyao, bomba linatoa matone halafu linakauka, hakuna anayepiga kelele, wanaangalia tu. Na hii haikutoka hewani, Cochabamba, mji wa Bolivia, watu waliingia barabarani mwaka 2000 baada ya maji yao kukabidhiwa kampuni na bei kupaa, mpaka serikali ikauvunja mkataba. Kwa mimi wa leo Greene ananitisha kuliko adui yeyote mwenye roketi, ingawa Mathieu Amalric anayemwigiza kapewa sehemu ndogo mno, na lile pambano lake la mwisho na shoka halina mantiki hata kidogo.

Opera ya Bregenz, Austria, sitaieleza sana maana hiyo hata wanaoichukia muvi wanaikubali. Lile jicho kubwa jukwaani, wakubwa wa Quantum, kile kikundi cha siri cha maadui, wametawanyika kati ya watazamaji wanafanya kikao kwa vifaa vya masikioni huku Tosca inaimbwa, Bond anaingilia kati anaongea, wote wanashtuka wanainuka na yeye anawapiga picha. Isipokuwa Mr White. Mr White anabaki amekaa. Kile ndo kichwa, na hakuna aliyehitaji kukieleza kwa mdomo.

Bado sijaisamehe kila kitu, ile fukuzana ya mwanzo bado inaniumiza macho, na wimbo wa mwanzo wa Jack White na Alicia Keys nimejaribu tena na umegoma kuniingia.

Ila ule mwisho, jamani. Kazan, Urusi, kuna theluji, Bond kampata yule mwanaume aliyemtumia Vesper, na sisi tuliotazama muvi nzima tunajua atamuua maana ndo anachofanya siku zote. Anatoka nje, yule mtu yuko hai. Anamwambia M kwamba alikuwa sahihi kuhusu Vesper. Jina lililomshinda kwenye ndege, sasa kalitaja mwenyewe. Anaondoka, na ile cheni ya Vesper anaiacha inadondoka kwenye theluji.

Leo asubuhi nimemwandikia yule rafiki yangu wa "nani anamfukuza nani", nikamwambia nimekosea miaka yote hii, aiangalie tena. Akajibu, ile takataka? Nikamwambia anza na Casino Royale na usisimame katikati, na ukifika kwenye ndege nipigie. Kasema Jumamosi.