Kabla ya fomu ya kodi, angalia tarehe uliyoingia Marekani

Naandika nikiwa na hasira. Mpwa wangu, kijana wa Langoni, Lamu, anasoma huku Marekani kwa viza ya F-1. Mjazaji fomu za kodi mmoja kamtoza dola 250. Mlioko nyumbani mwajua hiyo ni kodi ya chumba ya miezi mingapi. Kisha kamjazia 1040, fomu ya mkaazi, akampigia punguzo la kawaida, yaani kiasi kinachotolewa kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi, na kumuahidi rifandi nono, kodi ya kurudishiwa. Tarehe ya kuingia nchini hakumuuliza!

Na tarehe ndiyo kila kitu. Ukaazi wa kodi hupimwa kwa siku ulizokaa Marekani, na siku za mwanafunzi wa F-1 hazihesabiwi miaka mitano ya kalenda ya mwanzo, na ukitua Desemba, huo nao ni mwaka mzima. Muda huo kikodi wewe si mkaazi: unajaza 1040-NR, fomu ya asiye mkaazi, na 8843, ya kueleza siku zako zisizohesabiwa, na punguzo lile Mkenya halimhusu. Hata usiyepata senti, 8843 ni lazima.

Wengine huhesabiwa siku zote za mwaka wanaoujazia fomu, theluthi ya mwaka uliotangulia na sudusi ya ule wa nyuma yake. Zikifika 183, na mwaka wa fomu umekaa angalau siku 31, umekuwa mkaazi. Aliyekaa siku 132 kila mwaka ana 132, 44 na 22: jumla 198, keshaingia. Mwenye green card, kibali cha ukaazi wa kudumu, haulizwi siku: ni mkaazi tayari.

Ukaazi una gharama yake. Unatangaza mapato ya dunia nzima, hata ile nyumba ya Malindi unayowapangisha Waitaliano. Na Kenya nayo, ukiwa na makao ya kudumu huko, ukija hata kwa Maulidi tu, mwaka huo u mkaazi wa kodi. Mkataba wa kodi ya mapato baina ya nchi hizi mbili hakuna. Kodi uliyolipa Kenya unaiombea nafuu kwa fomu 1116.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja anayejitolea maktabani, bila malipo. Kabla ya kugusa kalamu alitaka pasipoti na I-94, rekodi ya kuingia na kutoka Marekani, akazipitia tarehe moja moja kwa kidole. Mungu amlipe. Sasa tunarekebisha kwa 1040-X, na 1040-NR sahihi nyuma yake.

Wanangu mnaojiandaa kuja, kila safari ya kuingia na kutoka iandikeni. Na mjazaji asiyeuliza viza yako ni ipi, mnyang'anyeni karatasi zenu muondoke.