Nilivyohubiri kangomba bila kuligawa kanisa

Ushauri ninaopewa na wachungaji wenzangu wa mijini ni huu: "Mtumishi, hubiri upako na mafanikio, mambo ya korosho waachie AMCOS," yaani vyama vya ushirika vya wakulima. Siukubali hata kidogo. Huku uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba mkoani Mtwara, korosho ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo sadaka yenyewe. Ukiiruka korosho mimbarini, umewaruka waumini.

Kwa asiyeijua kangomba: mkulima aliyebanwa anauza korosho zingali maua mtini, au anapimiwa kwa bakuli usiku, kwa bei ya kutupa, nje ya utaratibu wa stakabadhi ghalani, ambapo korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada. Imekatazwa, na kila mtu anajua imekatazwa, lakini mtoto akiugua hasubiri mnada.

Kwanza tarehe. Wengi huhubiri habari za fedha Novemba, malipo yanapoingia kwenye akaunti. Wameshachelewa. Kangomba hufungwa kati ya Mei na Agosti: fedha za msimu uliopita zimekwisha, dawa ya salfa inatakiwa shambani kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, Juni kuna jando na unyago, Julai shule zinafunguliwa. Mimi huanza Mei. Na sikukuu ya mavuno usiiweke Jumapili inayofuata mnada wa kwanza, maana siku ya mnada si siku ya fedha. Watu watakuja na ahadi, nawe utawaandika wadeni wa Mungu bure.

Sasa andiko. Nimesikia mahubiri mengi ya kangomba yakitoka Mwanzo 25, Esau na dengu zake. Naliona ni kosa zito. Mama aliyetoa gunia ili mwanawe alazwe hospitali hakudharau urithi wake kama Esau, na ukimwita Esau mbele ya watu hatarudi tena. Nehemia 5 ndiyo sura yetu. Soma taratibu: watu na wake zao wanalia juu ya ndugu zao wenyewe, wala si juu ya adui wa nje. Wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba wapate nafaka. Nehemia hamkemei aliyekopa. Anamgeukia mkopeshaji, na kabla hajamaliza anakiri kwamba hata yeye na watumishi wake wanakopesha. Kisha anataka mashamba yarudishwe siku ileile, na wakopeshaji wanaapishwa mbele ya makuhani. Hapo kuna mahubiri manne, usiyabane katika Jumapili moja.

Katikati ya mahubiri naweka hesabu, na hesabu hiyo siifanyi mimi. Namsimamisha mama mmoja anayeuza sokoni, maana hao hawakosei. Namwambia: gunia ni kilo 80. Mwenye kangomba anakupa 1,000 kwa kilo, shika ngapi? Elfu themanini. Tuseme mnadani bei ni 2,500, shika ngapi? Laki mbili. Toa makato ya chama, bado tofauti inapita laki moja kwa gunia moja tu. Kisha namuuliza ana magunia mangapi, nanyamaza. Kanisa zima linapiga hesabu kimoyomoyo na minong'ono inaanza kwenye mabenchi ya nyuma. Dakika hiyo moja inafanya kazi kuliko nusu saa ya kufoka. Bei tumia za kubuni zinazokaribia ukweli, usitaje za mwaka huo, la sivyo mtabishana bei badala ya kusikia neno.

Wanaonunua kangomba nao wamo kanisani, pengine ni wazee wa kanisa. Kamwe usiseme "kuna mtu humu ndani." Nenda kwake wiki hiyo, kaa barazani, someni sura pamoja, mwachie asome yeye kwa sauti. Akiuliza, "Mchungaji, umekuja kwa ajili yangu?" jibu ndiyo, na umweleze habari za Zakayo katika Luka 19, aliyeahidi kuwarudishia aliowadhulumu. Jumapili akikaa kwenye kiti chake atajua hakuviziwa. Vipaza sauti vya nje nazima kabisa. Majirani zetu wengi ni Waislamu, kangomba inawaumiza vilevile, na tukiwapigia kelele tunapoteza wenzetu wa kulishughulikia jambo hili.

Jando lina sehemu yake katika madeni haya. Kule Masasi, wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, akiwemo Vincent Lucas aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo mwaka 1926, waliliingiza jando ndani ya maisha ya kanisa badala ya kulipiga marufuku. Nami sipigi marufuku. Nawaomba wazazi wa mtaa mmoja wafanye sherehe ya pamoja: turubai moja, jiko moja, gharama zigawanywe.

Lakini mahubiri bila sanduku ni maneno tu. Vikundi vya hisa, vya kuweka akiba na kukopeshana, viko kila mahali, na mafunzo yake mengi husema mgawane Desemba. Kwetu Desemba fedha ipo! Tukageuza: hisa huanza kununuliwa Novemba korosho zikilipwa, mgao ni Juni. Hisa moja shilingi 2,000, mwisho tano kwa kikao, sanduku lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu wasio wa nyumba moja. Mkopo wa chakula, matibabu na ada hauna riba, Kutoka 22:25 iko wazi kuhusu maskini. Wa biashara hulipa ada ndogo inayorudi kwa wote. Mchungaji asishike ufunguo, wala mkewe.

Wakati wa kuokota korosho watu hulala mashambani, na video ya ibada nzima haifunguliwi na mtu mwenye bando la mia tano. Narekodi ujumbe wa sauti wa dakika tatu, ambao haufiki hata MB moja: aya mbili za andiko, sentensi moja ya fundisho, na ukumbusho wa siku ya kununua hisa. Nautuma saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wametoka mikorosheni na wamekaa motoni, simu moja wakisikiliza watano.