Simulizi la Tano

Usajili wangu wa uuguzi unakaribia kuisha muda, na jioni zangu zote wiki hii zimeishia kwenye makaratasi. Hapa Uingereza, kila baada ya miaka 3 lazima ulithibitishie Baraza la Uuguzi na Ukunga, NMC, kwamba bado unastahili kuitwa muuguzi: saa 450 za kazi, saa 35 za kujiendeleza (20 kati ya hizo uwe umejifunza pamoja na wengine), maoni 5 kuhusu kazi yako, na masimulizi 5 ya tafakuri. Saa za kazi hazinisumbui, zamu zenyewe zinazijaza. Masimulizi ndiyo yaliyonikalisha. Manne nimeyaandika haraka. La tano limenirudisha hadi mwaka niliofika huku.

Wauguzi wanaotaka kuja kufanya kazi huku huniuliza zaidi kuhusu mitihani, na ninawaelewa. Kuna ule wa kompyuta, wenye hesabu za dawa na maswali ya uuguzi, kisha OSCE, mtihani wa vitendo: vituo 10, msahihishaji anakutazama, saa inakwenda, na mgonjwa wako ni mwigizaji au mwanasesere wa mafunzo. Unakariri kila hatua mpaka unaota unanawa mikono. Ila mtihani una mwisho. Unafaulu, unapata namba ya usajili, unabadilisha sare, basi.

Kilichoniuma kilikuja baadaye, na watu hawakisemi sana. Nilikotoka nilizoea kubaki na wodi nzima usiku. Niliweka kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa, kwa watoto walioishiwa maji mwilini, ambao mshipa wao huuoni. Nilishona vidonda. Daktari nilimwamsha pale tu nilipoona hapana budi. Huku nilikuta kila ujuzi wa namna hiyo unataka upate mafunzo ya hospitali husika na mtu wa kukutilia sahihi kabla hujaruhusiwa kuutumia. Nikawa nasimama kando ya kitanda nikimsubiri mwingine aje aweke kanula ambayo ningeiweka bila kuhangaika. Utaratibu huo unamlinda mgonjwa, naukubali kwa moyo wote. Lakini mtu akikaa miezi bila kutumia alichonacho, huanza kuamini kwamba hana. Nimewaona wauguzi hodari, watu waliokuwa wasimamizi wa wodi kwao, wakinyamaza hivyo mpaka ukimya ukawa ndiyo tabia yao kazini. Hilo linanihuzunisha kuliko baridi na upweke vikiwekwa pamoja.

Kwangu ukimya ulivunjika usiku mmoja kwenye wodi ya wazee. Sitaandika lolote la kumtambulisha mgonjwa. Presha ilikuwa sawa, joto sawa, oksijeni sawa, ila mtu aliyezungumza vizuri jioni sasa alikuwa ananiita jina nisilolijua na kuvutavuta shuka. Ingekuwa rahisi kusema ni uzee, ni usiku, atalala. Lakini chati ya NEWS2 tunayotumia huku, inayojumlisha alama za upumuaji, oksijeni, presha, mapigo ya moyo, fahamu na joto, inaupa mkanganyiko mpya alama 3. Na alama 3 kwenye kipimo kimoja zinatosha kutaka mgonjwa aangaliwe haraka, hata kama vingine vyote ni sifuri.

Nikapiga simu. Tunafundishwa kuripoti kwa mpangilio wa SBAR: hali ilivyo, historia, tathmini yako, pendekezo lako. Mpaka siku ile nilikuwa naishia kwenye tathmini, namwachia daktari amalizie. Usiku ule nilifika mwisho. Nilisema nahofia kuna maambukizi yanaanza, naomba umwone sasa, na ningependa tupime damu na mkojo. Daktari wa zamu akajibu, "Sawa, anza vipimo, nakuja." Yalikuwa maambukizi kweli, na dawa ilianza kabla hajazidiwa. Hakuna aliyenipongeza, wala haikuhitajika. Ila asubuhi nilitoka zamu nikiwa muuguzi yule yule niliyekuwa kabla ya kupanda ndege.

Tangu hapo nimebaki na wazee kwa hiari. Wenzangu walinisukuma niende ICU, kwa wagonjwa mahututi, au chumba cha upasuaji, eti huko ndiko kwenye maendeleo. Sikubaliani nao hata leo. Mzee anaweza kuwa na magonjwa manne kwa pamoja na dawa kumi, na ugonjwa kwake mara nyingi hauji kwa sura ya vitabuni: nimonia inaweza kujitokeza kwa kuanguka tu, mshtuko wa moyo ukaja bila maumivu ya kifua. Kumsoma kunahitaji jicho na subira, na hivyo wengi wetu tulijifunza wodini ambako mashine zilikuwa chache. Niliomba mafunzo, nikaambiwa nafasi hakuna, nikaomba tena. Nikatiliwa sahihi ujuzi mmoja baada ya mwingine, nikapanda ngazi ya kazi na mshahara, kutoka Bendi 5 hadi Bendi 6. Mshahara uliongezeka na nilifurahi. Ila furaha inayodumu ni ile ya kuulizwa kwenye raundi ya asubuhi, "Wewe unaonaje?"

Siku hizi muuguzi mgeni akiletwa kwetu, kabla sijamwonyesha kabati la dawa namuuliza alikuwa akifanya nini huko alikotoka. Naandika yote. Kisha tunakaa na msimamizi kupanga aanze kutiliwa sahihi kipi, na lini. Nafanya hivyo kwa kila mmoja, hata zamu ikiwa imebana.

Na mimi bado nina hamu ya kwenda mbele. Tangu 2006, muuguzi aliyefuzu kozi ya kuandika dawa huku anaweza kumwandikia mgonjwa karibu dawa yoyote, mradi iko ndani ya umahiri wake. Ndiyo kozi ninayoitaka, ili nipunguze zile orodha za dawa kumi kwa mkono wangu mwenyewe. Fomu nimeijaza. Imebaki sahihi ya daktari atakayenisimamia, ambaye ameniambia nimletee Alhamisi.