Daladala Ifike Mlangoni pa Stesheni

Kila siku ya kazi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili niwahi treni ya kwanza inayokwenda katikati ya Dar es Salaam. Daladala inanishusha barabara kuu, na kutoka hapo hadi dirisha la tiketi ni hatua 412. Nimezihesabu mara tatu, kiangazi na masika, kwa sababu nilitaka kujua hasa ni nini kinachonichosha kabla hata sijaketi kwenye behewa. Hatua hizo si nyingi. Mtu mzima mwenye afya anazimaliza kwa dakika tano. Lakini ndani ya dakika hizo tano kuna mtaro usiofunikwa, uliowekewa ubao mmoja wa kujengea, uliopigiliwa vipande viwili kwa chini ili usiteleze. Kuna bodaboda zilizopangwa hadi katikati ya njia. Na kuna kipande chenye giza ambacho abiria hukipita kila mmoja akimulika simu yake chini, kiasi kwamba ukiwa mbali unaona msururu wa vimwanga vinavyoyumba kuelekea relini.

Masika iliyopita nilimkuta mama mmoja amesimama mbele ya ubao ule, mtoto mgongoni na ndoo yenye mfuniko mkononi. Maji ya mtaro yalikuwa yamefika usawa wa ubao. Alinyoosha mguu, akaurudisha, akanyoosha tena. Nilimpokea ndoo, nikamwambia anishike bega, lakini alitikisa kichwa akasema, “Ningekuwa peke yangu ningepita, mwanangu.” Honi ya treni ikalia. Akarudi taratibu hadi barabarani kusubiri daladala ya Kariakoo, ambayo ingemkalisha kwenye foleni yote ya asubuhi. Nauli ya treni alikuwa nayo, na behewa nililopanda siku ile lilikuwa na viti vitupu. Kilichomshinda ni mtaro.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyatazama mazingira ya stesheni zetu za pembezoni kwa jicho jingine, na ninachokidai ni kimoja: daladala iingie hadi mlangoni pa stesheni, iwe na mahali pake pa kusimama, na abiria atoke ndani yake hadi kwenye jukwaa bila kurukia chochote. Fedha nyingi za reli zimekwisha kutumika kwenye reli yenyewe, vichwa vya treni na mabehewa. Kazi iliyobaki ni ya lami kidogo, kalavati, taa na mpangilio, na hiyo ndiyo inayoamua kama watu wataitumia reli hiyo au wataendelea kuipungia mkono ikipita.

Jiji letu lina sababu ya pekee ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Treni za kuwasafirisha wakazi wake ndani ya jiji zilianza tarehe 29 Oktoba 2012, moja ikienda Ubungo Maziwa kwa njia ya reli ya kati na nyingine ikienda Mwakanga kwa njia ya TAZARA, yaani reli ya Tanzania na Zambia, na wananchi wakaziita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Baadaye ikaja treni ya Pugu. Mwaka 2024 ikaanza treni ya umeme ya SGR, reli mpya yenye njia pana, na Pugu, mahali ambapo Rais Magufuli aliweka jiwe la msingi la reli hiyo Aprili 2017, pakapata stesheni yake mpya.

Sasa tazama vipimo. Reli ya kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, TAZARA ina milimita 1,067, na SGR ina milimita 1,435. Ni reli tatu ndani ya jiji moja, na hakuna treni ya moja inayoweza kupita kwenye nyingine. Stesheni ya TAZARA iko pale kwenye makutano ya Barabara ya Nyerere na Mandela, mbali na Stesheni ya mjini. Katika miji ambayo reli zote ni za upana mmoja, abiria anaweza kuhamishwa na treni yenyewe. Kwetu sisi anayemhamisha abiria kutoka reli hadi reli, na kutoka reli hadi nyumbani, ni daladala, bajaji, bodaboda na miguu yake. Kwa hiyo ua wa mbele ya stesheni ni sehemu ya njia ya reli, na ukikatika hapo safari nzima imekatika.

Wapo watakaosema kwamba bodaboda zipo na zinatosha. Nazipanda, na nawaheshimu vijana wanaozifanyia kazi. Hata hivyo tufanye hesabu. Nauli ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Pugu, umbali wa kilomita 19, ilitangazwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, mwaka 2024 kuwa shilingi 1,000. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa Desemba 2023 kutoka shilingi 500 hadi 600. Mtu anayefika stesheni kwa daladala na kuendelea kwa treni anatumia 1,600 kwenda, sawa na 3,200 kwa kwenda na kurudi. Akilazimika kupanda bodaboda kwa shilingi 1,500, kama ninavyolipa mimi siku za mvua, anatumia 5,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi tofauti ni shilingi 39,600 kila mwezi. Kwa familia nyingi za mtaani kwetu hiyo ni fedha ya unga na mkaa, na ndiyo maana mtu huyo ataamua, kwa akili zake timamu kabisa, kubaki kwenye daladala ya moja kwa moja hadi mjini hata kama atasimama saa mbili.

Wengine hupendekeza maegesho ya magari. Nairobi walianza na wazo la namna hiyo: stesheni ya Syokimau, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, wiki mbili tu baada ya treni zetu za jiji kuanza, ilijengwa ikiwa na maegesho ili mwenye gari aliache hapo na kuingia mjini kwa treni. Ni wazo jema kwa wenye magari. Lakini gari moja likiegeshwa, pamoja na njia yake ya kuingilia, linachukua eneo la mita za mraba kama 25, na linakaa hapo tangu asubuhi hadi jioni kwa ajili ya mtu mmoja au wawili. Daladala moja aina ya Coaster ikipewa eneo la mita za mraba 60, ikashusha na kupakia kwa dakika tano na kuondoka, eneo hilohilo linapokea magari 12 kwa saa. Hata kila gari likishusha abiria 15 tu, hao ni watu 180 ndani ya saa moja. Penye ardhi finyu, na mbele ya stesheni zetu nyingi ardhi ni finyu kwa sababu nyumba na vibanda vimesogea, sioni hoja ya kuanza na maegesho.

Syokimau hiyohiyo inatufundisha jambo jingine. Mwaka 2017 reli mpya ya kutoka Mombasa ilipokamilika, kituo chake kikuu cha Nairobi kiliwekwa huko huko pembezoni badala ya katikati ya jiji, na tangu hapo treni za mjini zinawapokea abiria wa kutoka Mombasa na kuwaingiza mjini. Anayeshuka anaikuta nyingine. Huo ndio moyo wa jambo lenyewe. Nasi kwetu tunao mfano ambao tumeuzoea hadi hatuuoni: Kivukoni, ambapo abiria wa pantoni kutoka Kigamboni wanashuka na kutembea mwendo mfupi hadi kituo cha mwendokasi, kisha wanaingia kwenye basi ambalo sakafu yake iko usawa mmoja na jukwaa. Mwendokasi ilipoanza Mei 2016, wengi tulisifu barabara yake ya peke yake. Mimi nilichokisifu zaidi ni ile sakafu, kwa sababu niliona mzee mwenye mkongojo akiingia bila kushikwa na mtu.

Ua mzuri wa stesheni haujengwi kwa kumwaga lami tu. Sisi tunaendesha upande wa kushoto na mlango wa daladala uko kushoto, kwa hiyo gari linapopita mbele ya jengo la stesheni ni lazima jengo liwe kushoto kwake, yaani magari yazunguke ua kwa kufuata mwelekeo wa mshale wa saa. Likiingizwa kinyume, abiria wote wanashukia katikati ya magari na kuvuka mbele ya bampa kufika mlangoni. Ni kosa dogo la mchoro, lakini likishajengwa kwa zege linakaa miaka thelathini. Ukingo wa kusimamia nao usiwe mstari ulionyooka, maana daladala ya mbele ikichelewa kujaza inazifunga zote za nyuma. Uchongwe kwa mapengo yaliyolala mshazari kama meno ya msumeno, kila gari liingie na kutoka bila kumsubiri mwenzake. Kama mabasi makubwa ya mita 12 yataingia, yaachiwe nafasi ya kugeuka ya mita 12.5 kutoka katikati ya duara hadi ukingo wa nje. Coaster zinahitaji chini ya hapo. Mtaro ufunikwe kwa zege lenye matundu ya kupitisha maji, na mahali pa kupanda ukingo pawe na mteremko laini, ili mwenye kitimwendo, mwenye toroli na mwenye mtoto mgongoni wapite njia moja na watu wengine. Bajaji na bodaboda zipewe kijiwe chao rasmi chenye kivuli, upande wa kutokea, mahali ambapo abiria atawaona akitoka bila wao kuwa njiani mwake. Wakinyimwa mahali watakaa mlangoni, na hapo lawama si yao.

Mchoro ukiwa mzuri kiasi gani, daladala haitaingia kama kuingia kunamtia dereva hasara, na hapa ndipo mipango mingi hukwama. Dereva wa daladala anadaiwa hesabu ya siku na mwenye gari. Nilimuuliza mmoja wa njia yetu kwa nini haingii hata pale penye nafasi, akanijibu bila kuficha: “Dada, nikiingia humo dakika sita, abiria wangu wa mbele amebebwa na mwenzangu. Jioni tajiri haniulizi habari za stesheni.” Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alikuwa na haki. Ua uwe mfupi, wa dakika mbili kuingia na kutoka. Usitozwe ushuru wa kuingia, angalau kwa mwaka wa kwanza. Na stesheni iandikwe kwenye leseni ya njia kama kituo cha lazima kwa magari yote ya njia hiyo, ili anayeingia kwa utii asinyang’anywe abiria na mwenzake anayepita moja kwa moja.

Kuna pia suala la saa. Uswisi, tangu mwaka 1982, treni zimepangwa kuondoka kila saa kwa dakika ileile, na katika stesheni ndogo za milimani basi la manjano la posta linakuwa nje likisubiri. Daladala zetu huondoka zikijaa, na sitegemei zianze kufuata dakika. Lakini treni za jioni za reli ya zamani ni chache na zinajulikana. Ikifika, mamia ya watu wanamwagika kwa pamoja. Magari matano yaliyopangwa kwa zamu, yakiwa yameshaingia uani kabla ya honi, yanajaa ndani ya dakika kumi bila kondakta kupaza sauti. Msimamizi wa stesheni akijua treni imechelewa, amtumie ujumbe kiongozi wa madereva ili magari yasichome mafuta bure. Hilo linahitaji simu moja na watu wawili wanaoaminiana.

Mwezi uliopita tulilizungumza suala la kituo chetu katika mkutano wa mtaa. Tuliomba mtaro ufunikwe kwanza na taa nne ziwekwe, kwa sababu hayo hayasubiri mchoro wowote, halafu ua wa daladala upimwe. Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho, akasema barua peke yake haitoshi, apelekewe vipimo. Dereva yule wa Coaster, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alisimama akajitolea kuleta gari lake ili tujaribu kuligeuza mbele ya stesheni na kuweka alama za chokaa pale matairi yatakapopita. Tumekubaliana Jumapili saa nne asubuhi, wakati ambapo hakuna treni. Utepe wa kupimia wa mita 50 nimeshaazima kwa fundi ujenzi jirani yangu, na yule mama wa ndoo, ambaye sasa ninajua anakaa mtaa wa pili, ameahidi kuja.